Burt Munro na Injini ya Mwaka 1920

Bila shaka umepata kumwona fundi akiifungua injini. Huzitandaza sehemu zake juu ya gunia au turubai, huziosha kwa mafuta ya taa, kisha huzitazama moja moja kabla hajazirudisha mahali pake. Mara nyingine hukiinua kipande kilichovunjika, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akanyamaza. Ukimwona wakati huo utadhani anapoteza muda. Sivyo. Kipande kile kina habari ya kumpa: kimekatika au kimeungua, kimelika upande mmoja au pande zote, ufa wake ulianzia wapi. Fundi anayekitupa kabla ya kukitazama atakirudia kosa lile lile na kulilipia mara ya pili.

Katika sura hii utasoma maisha ya mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa injini moja kwa muda wa zaidi ya miaka 40. Hakuwa mhandisi wala mtaalamu wa chuo, na kwa muda mrefu wa maisha yake hakuwa na fedha za kununulia vipuri. Alikuwa na karakana ndogo, vyuma vikuukuu vilivyoachwa na watu wengine, na subira.

Jina lake kamili lilikuwa Herbert James Munro, lakini watu walimwita Burt. Alizaliwa tarehe 25 Machi 1899 mjini Invercargill, katika nchi ya New Zealand. Ifungue ramani ya dunia. Utaiona nchi hiyo upande wa kusini-mashariki wa Australia, ikiwa na visiwa viwili vikubwa. Invercargill uko karibu na ncha ya kusini ya kisiwa cha kusini, mahali penye upepo wa baridi utokao baharini. Alizaliwa pacha, lakini dada yake hakuishi. Wazazi wake walikuwa wakulima huko Edendale, si mbali na mji huo, na Burt alikulia shambani. Alipokuwa kijana alipenda kumpanda farasi aliyewashinda wote mbio na kukimbia naye shambani, jambo ambalo halikumpendeza baba yake hata kidogo.

Mwaka 1920 alinunua pikipiki mpya. Ilikuwa ya aina iitwayo Indian Scout, iliyotengenezwa Springfield, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Injini yake ilikuwa na silinda mbili zilizosimama kwa umbo la herufi V, na ujazo wa silinda hizo kwa pamoja ulikuwa sentimita za ujazo 600. Mwendo wake mkubwa kabisa ulikuwa karibu kilomita 89 kwa saa. Kwa siku zile huo ulikuwa mwendo wa kujivunia. Burt hakutosheka nao. Mwaka 1926 alianza kuibadili injini hiyo kwa mikono yake, na hakuacha mpaka uzee ulipomshinda.

Kabla hatujaendelea, kumbuka yale uliyojifunza juu ya injini ya petroli. Ndani ya silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Pistoni inaposhuka kwa mara ya kwanza, hunyonya mchanganyiko wa hewa na petroli kupitia valvu moja. Inapopanda, valvu zote zimefungwa, nayo huukandamiza mchanganyiko huo katika nafasi ndogo iliyo juu yake. Hapo plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na gesi yenye joto hutanuka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Pistoni inapopanda tena, husukuma moshi nje kupitia valvu ya pili. Fimbo iliyofungwa chini ya pistoni huuzungusha mhimili uliopindika ambao mafundi huuita krenki, na mzunguko wa krenki ndio unaofikishwa kwenye gurudumu.

Chukua pampu ya baiskeli, uzibe tundu lake kwa kidole gumba, kisha usukume mpini kwa nguvu. Utaona mambo mawili. Kwanza, hewa inakusukuma, kana kwamba kuna springi ndani. Pili, ukirudia mara nyingi upesi upesi, upande wa chini wa pampu utapata joto. Katika silinda ni hivyo hivyo. Mchanganyiko ukikandamizwa zaidi kabla ya kuwashwa, hutoa nguvu zaidi. Lakini joto nalo huzidi, na chuma kilicho karibu nao hupata taabu zaidi. Kila mara Burt alipoiongezea injini yake nguvu, kipande fulani ndani yake kilielemewa, na kazi iliyofuata ilikuwa kukitafuta kipande hicho kabla hakijamtupa barabarani.

Tuanze na valvu. Katika Scout ya mwaka 1920 valvu zilikaa kando ya silinda. Mpango huo ni rahisi kutengeneza na hausumbui, lakini mchanganyiko unapoingia hulazimika kupita njia iliyopinda, na nafasi ya kuwakia huwa pana na bapa. Burt alitaka valvu zikae juu ya silinda, zikitazamana na pistoni, ili hewa iingie kwa urahisi na nafasi ile iwe ndogo. Kiwanda hakikuuza vifaa vya kuigeuza Scout namna hiyo. Akavitengeneza mwenyewe: vichwa vya silinda, kemu za kuzisukuma valvu, na hata mfumo mpya wa kupeleka mafuta ya kulainishia, kwa sababu ule wa zamani haukutosha tena.

Labda utauliza alipata wapi silinda kubwa zaidi. Hapo ndipo utakapoona jinsi mtu asiye na fedha anavyolazimika kuzijua sifa za vitu. Zamani miji mingi ilikuwa na mabomba ya kupitishia gesi ya kupikia na ya taa, na mabomba hayo yalikuwa ya chuma cha kusubu. Burt alipewa mabomba makuukuu ya namna hiyo, akayakereza mpaka yakawa silinda. Kwa mtu mwingine lile lilikuwa bomba bovu la kutupwa. Lakini chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, na sehemu ya kaboni hiyo hukaa ndani yake kama chembe laini za grafiti, ile ile iliyomo ndani ya penseli yako. Grafiti husaidia kupunguza msuguano, na chuma chenyewe hakiliki upesi. Ndiyo maana silinda za injini nyingi hutengenezwa kwa chuma cha namna hiyo hiyo. Burt hakuokota tu chochote kilichokuwa bure. Katika vitu vya bure alichagua kile kilichofaa.

Fimbo za pistoni zilimpa kazi kubwa zaidi. Fikiri kidogo juu ya kazi ya fimbo hiyo. Ikiwa krenki inazunguka mara 5,000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka zaidi ya mara 83 katika kila sekunde moja. Kila inapofika juu husimama, hugeuka na kurudi. Kila inapofika chini hufanya vivyo hivyo. Fimbo husukumwa, huvutwa, husukumwa, huvutwa, bila kupumzika. Chuma kinachotendewa hivyo huchoka. Ufa mdogo usioonekana kwa macho huanza mahali fulani, hukua kidogo kidogo, kisha siku moja fimbo hukatika ghafula. Ikikatika injini iko katika mwendo mkubwa, hulitoboa ganda la injini, na gurudumu la nyuma laweza kukwama papo hapo. Mtu aliyepanda pikipiki hiyo hapati nafasi ya kufikiri.

Kwa hiyo Burt alihitaji chuma cha pua kilicho imara sana. Hakununua. Alipata ekseli kuukuu ya trekta, akaichonga kwa mkono mpaka zikatoka fimbo. Ekseli ya trekta hutengenezwa ili istahimili kusokotwa na kugongwa kwa miaka mingi, kwa hiyo chuma chake ni cha hali ya juu. Baada ya kuzichonga alizipa ugumu kwa moto. Jambo hili si geni kwako ikiwa umepata kumtazama mhunzi. Mhunzi hukipasha chuma cha pua moto mpaka kiwe chekundu, halafu hukitumbukiza katika maji au mafuta. Chuma huwa kigumu, lakini pia huwa chepesi kukatika kama kioo. Basi hukipasha tena moto, safari hii kwa kiasi, ili kipunguze ugumu kidogo na kipate unyumbufu. Ikiwa moto wa pili ni mdogo mno, kipande kitakatika; ukiwa mkubwa mno, kitapindika. Kazi yote iko katikati ya makosa hayo mawili.

Sasa tuje kwenye pistoni, ambazo nadhani zilimfundisha mengi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Pistoni hutengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na madini mengine, kwa sababu alumini ni nyepesi na huondoa joto upesi. Burt aliyeyusha alumini kuukuu, akaimimina katika makopo na kalibu alizozitengeneza mwenyewe, kisha akaikereza mpaka ipate umbo. Kuyeyusha alumini si vigumu sana. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 hivi za Selsiasi, chini sana ya joto linaloyeyusha chuma. Ugumu uko kwingine. Umejifunza kwamba vitu vigumu hutanuka vikipata joto. Lakini havitanuki sawasawa. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua pistoni ya alumini yenye kipenyo cha milimita 70. Ikiongezewa joto la nyuzi 200, kipenyo chake hukua kwa milimita 0.3 hivi. Silinda ya chuma cha kusubu yenye upana huo huo ikiongezewa joto hilo hilo hutanuka kwa karibu nusu yake tu.

Unaona hatari iliyopo? Ukiipima pistoni ikiwa baridi na kuifanya ijae silinda barabara, injini itawaka vizuri na kwenda vizuri kwa dakika chache. Kisha pistoni itatanuka, itakosa nafasi, itaikwangua silinda na kukwama. Ukiacha nafasi kubwa mno, gesi yenye moto itapenya ubavuni, nguvu itapotea na mafuta yataungua. Nafasi inayotakiwa ni ndogo kuliko unene wa kadi, na hubadilika kila unapobadili mchanganyiko wa alumini au kuongeza mkandamizo. Hakuna kitabu ambacho kingeweza kumpa Burt kipimo cha pistoni aliyoisubu mwenyewe kwa alumini ya vyuma chakavu, kwa ajili ya silinda iliyotoka katika bomba la gesi. Ilimbidi atengeneze, ajaribu, avunje, atazame, atengeneze tena.

Zana zake nazo zilikuwa za kubuni. Nyingi alizitengeneza mwenyewe, na inajulikana sana kwamba spoki kuukuu ya gurudumu ndiyo iliyokuwa maikromita yake. Usicheke. Waya usiokuwa na alama yoyote hauwezi kukuambia kwamba kitu kina milimita 70 au 71, ni kweli. Lakini waweza kukuambia kwamba silinda hii ni pana kuliko ile, au kwamba upande huu wa shimo ni sawa na upande wa pili. Kulinganisha ni kupima pia. Fundi mwenye vidole vilivyozoea huhisi tofauti ndogo sana waya unapogusa au kukosa kugusa ukuta wa silinda. Maikromita halisi ni bora zaidi, na ukiweza kupata moja itumie. Lakini hata kamba isiyo na alama humwezesha mwashi kujua kama vyumba viwili vina upana mmoja.

Vipande vilivyovunjika Burt hakuvitupa. Alivipanga juu ya rafu katika karakana yake: pistoni zilizotoboka, fimbo zilizokatika, valvu zilizopindika. Kwa mzaha aliandika kwenye rafu hiyo maneno ya kuvitoa viwe sadaka kwa mungu wa mwendo. Watu waliomtembelea walicheka, naye alipenda wacheke. Lakini rafu ile ilikuwa pia daftari lake. Kila kipande kilimkumbusha jaribio moja na jinsi lilivyoshindwa. Mwandishi wa sura hii alifundisha sekondari kwa miaka kadhaa, na mara nyingi aliwaona wanafunzi wakizifuta hesabu walizokosa mpaka karatasi ikatoboka, ili mwalimu asizione. Burt alizitundika zake ukutani.

Usidhani kwamba kazi hii haikumgharimu. Siku nyingi aliuza na kutengeneza pikipiki za watu mchana ili apate riziki, kisha usiku akaingia katika karakana yake. Alikuwa na mke na watoto wanne. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ndoa ilivunjika, naye akaacha kazi ya mshahara na kuhamia katika banda la kuwekea gari, akalala humo pamoja na pikipiki zake. Wengi waliandika juu yake kana kwamba hilo lilikuwa jambo la kuchekesha. Huenda familia yake haikuliona hivyo. Tunakueleza habari hii ili usije ukafikiri kwamba ukosefu wa fedha ulifidiwa na akili peke yake. Ulifidiwa kwa saa za maisha, na saa hizo zilitolewa mahali fulani.

Mwili wake pia ulilipa. Alianguka mara nyingi katika majaribio na mashindano, kwenye pwani ya Oreti karibu na kwao na kwingineko. Baadhi ya njia zake zilikuwa za hatari kabisa. Ili kupata tairi laini za kukimbilia alichukua kisu cha jikoni na kuyakata mafundo ya tairi za kawaida. Usilifanye jambo hilo kamwe, wala usikubali kupanda chombo kilichofanyiwa hivyo. Tairi iliyokatwa inaweza kupasuka bila kutoa dalili.

Hata hivyo mwendo uliongezeka. Mwaka 1957, akiwa na umri wa karibu miaka 58, aliikimbiza Scout kwenye mchanga wa Oreti kwa kilomita 211 kwa saa. Pikipiki iliyotengenezwa kwenda kilomita 89 sasa ilikwenda zaidi ya mara mbili ya mwendo huo. Lakini pwani ile ilikuwa fupi kwa mwendo mkubwa zaidi, nao mchanga hubadilika kila maji yanapojaa na kupwa. Burt alitaka mahali tambarare, pakavu na pakubwa.

Mahali hapo paliitwa Bonneville, katika jimbo la Utah nchini Marekani. Zamani sana palikuwa na ziwa kubwa. Maji yalipokauka yaliacha chumvi, na chumvi hiyo ikafanya uwanda mweupe, mgumu na bapa wa kilomita nyingi. Kila mwaka chumvi inapokuwa kavu, watu huenda huko kupima mwendo wa magari na pikipiki. Burt alikwenda Bonneville mara kumi. Mara ya kwanza alikwenda kutazama tu.

Alipokwenda kushindana alikutana na matatizo mawili ambayo unaweza kuyafahamu kwa sayansi uliyokwisha kujifunza. La kwanza ni hewa ya kuwakia. Invercargill iko karibu na usawa wa bahari, lakini uwanda wa Bonneville uko juu kwa mita 1,280 hivi, chini kidogo tu ya mwinuko wa mji wa Arusha. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo hewa inavyopungua uzito. Silinda inaponyonya, hupata oksijeni kidogo kuliko pwani. Kabureta iliyorekebishwa ufukoni itatoa petroli nyingi mno kwa hewa ile, na injini itakosa nguvu. Ilibidi vipimo vyote vya mchanganyiko virekebishwe upya huko huko.

Tatizo la pili ni hewa ya mbele. Unapotembea huihisi hewa kidogo tu. Unapoendesha baiskeli mteremkoni hukusukuma kifuani. Ukiuzidisha mwendo mara mbili, upinzani wa hewa hauongezeki mara mbili, huongezeka mara nne. Ukiuzidisha mara tatu, huwa mara tisa. Ndiyo maana nguvu ya injini peke yake haikutosha. Burt aliifunika pikipiki yake kwa ganda refu lililochongoka mbele na nyuma kama samaki, akawa analala kifudifudi ndani yake. Samaki hukata maji bila kuyavuruga sana, na ganda lile liliikata hewa kwa namna hiyo. Ubaya wake ni kwamba ganda refu husukumwa na upepo wa ubavuni, na pikipiki iliyofunikwa hivyo ikianza kuyumba ni vigumu kuituliza.

Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 63, Burt aliweka rekodi yake ya kwanza ya dunia huko Bonneville. Injini yake wakati huo ilikuwa imepanuliwa mpaka sentimita za ujazo 850, na mwendo wake ulikuwa kilomita 288 kwa saa. Mwaka 1966 aliweka rekodi nyingine katika daraja la injini zisizozidi sentimita za ujazo 1,000, kwa kilomita 270 kwa saa na zaidi kidogo. Utaona kwamba mwendo huu ni mdogo kuliko ule wa 1962. Rekodi huwekwa kwa daraja, kulingana na ukubwa wa injini, kwa hiyo namba ndogo katika daraja moja inaweza kuwa rekodi hali namba kubwa ni ya daraja lingine.

Mwaka 1967 alirudi tena. Umri wake ulikuwa miaka 68, na moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua. Pikipiki ilikuwa na umri wa miaka 47. Silinda zilikuwa zimepanuliwa mpaka ujazo wa sentimita 950, na ndani ya injini vilibaki vitu vichache sana vilivyotoka kiwandani mwaka 1920. Katika mbio ya kufuzu, ambayo hupimwa upande mmoja tu, alikwenda kilomita 305.9 kwa saa. Rekodi yenyewe haikubaliwi kwa mbio moja. Mwendeshaji hukimbia kwenda, kisha hukimbia kurudi, na wastani wa mbio mbili ndio huandikwa. Sababu yake ni upepo. Ukikusukuma kutoka nyuma wakati wa kwenda, utakuzuia kutoka mbele wakati wa kurudi, na wastani hupunguza upendeleo huo. Wastani wa Burt uliandikwa kuwa kilomita 295.45 kwa saa.

Mwaka 2005 ilitolewa filamu juu ya maisha yake, na watu wengi duniani walimjua kwa filamu hiyo. Ikiwa utapata kuitazama, kumbuka kwamba filamu hufupisha. Inaonyesha safari moja na ushindi mmoja. Burt mwenyewe alikwenda na kurudi mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi alirudi nyumbani akiwa na injini iliyovunjika na kipande kipya cha kuweka rafuni.

Katika miaka ya 1970 afya yake ilimlazimisha kuacha mbio. Alipata kiharusi mwaka 1977, na pikipiki yake akamuuzia mwenye duka la vifaa vya chuma wa mji ule ule wa Invercargill, kwa kuwa alitaka ibaki kwao. Alifariki tarehe 6 Januari 1978, akiwa na umri wa miaka 78. Miaka mingi baada ya kifo chake watu waliendelea kwenda katika duka hilo kuitazama Scout hiyo kati ya misumari, nyundo na ndoo za kuuza.

Baada ya miaka mingi mwanawe John alizikagua tena namba za mwaka 1967. Aliona kwamba waliozijumlisha siku ile walikosea hesabu. Akawaandikia wenye kutunza rekodi nchini Marekani, nao wakakokotoa upya wakakubali. Mwaka 2014, miaka 36 tangu Burt alipofariki, namba ilisahihishwa kutoka kilomita 295.45 kuwa kilomita 296.26 kwa saa.